MKESHA WA KURA USIWE MKESHA WA HOFU

Katika lugha yetu neno mkesha lina nyuso mbili. Watu hukesha kwa Maulidi, kwa Krismasi na kwa harusi. Na watu hukesha pia mgonjwa anapozidiwa, au penye msiba. Siku ya kupiga kura ilistahili kuwa na mkesha wa aina ya kwanza, kwani ndiyo siku ambayo mkulima wa Namtumbo na mchukuzi wa bandari ya Malindi huwa sawa na waziri, kila mmoja na karatasi yake. Lakini kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, tangu vyama vingi viliporudi na uchaguzi wa 1995 kufanyika, mkesha huo aghalabu umekuwa wa aina ya pili. Na tangu Oktoba 29, 2025 wananchi wa Bara nao wameijua hofu hiyo kwa macho yao, si kwa kusimuliwa.

Kwa muda mrefu watu wengi wa Bara waliuona wasiwasi wa visiwani kuwa ni jambo la visiwani: ugomvi wa Waunguja na Wapemba, masalia ya siasa za kabla ya Mapinduzi, ukaidi wa watu wasiokubali kushindwa. Maelezo hayo yalikuwa mepesi, na kila jambo jepesi hupendwa. Leo hayawezi kusimama tena. Hofu ya mkesha wa kura haina kabila, wala haiishi kisiwani peke yake. Ina sababu zinazojulikana, na sababu zinazojulikana zaweza kuondolewa. Hayo ndiyo tunayokusudia kuyasema, kwa wananchi wa visiwani na kwa watumishi wa Serikali waliopewa dhamana ya chaguzi zetu.

Pengine msomaji atauliza: Songea ina haki gani ya kuwasemea watu wa visiwani? Kutoka hapa hadi Unguja ni safari ndefu ya barabara, na kisha bahari. Tunajibu kwamba ni nchi moja. Kila uchaguzi unapokaribia, askari kutoka Bara hupelekwa visiwani kuongeza nguvu. Huenda kijana anayesimama na bunduki pembeni mwa soko la Darajani alizaliwa Mbinga au Peramiho. Hamjui mwenye duka anayefunga mlango mbele yake, wala mwenye duka hamjui yeye. Na yamkini wote wawili wanaogopa. Likitokea la kutokea, msiba utakuwa wa nyumba mbili, na moja ya nyumba hizo ni ya kwetu.

Dalili za hofu hiyo hazihitaji mtaalamu. Wiki moja kabla ya kura, wenye uwezo hununua mchele, unga na mafuta ya kutosha siku nyingi. Boti za kwenda Dar es Salaam hujaa wanaoondoka. Watoto hupelekwa shamba kwa bibi zao. Majirani waliokuwa wakipeana futari huanza kupimana maneno, na katika barza ambazo kahawa hunywewa kila jioni, wa chama hiki huhama upande mmoja na wa chama kile upande mwingine. Mtu huuliza, si nani atashinda, bali nini kitatokea baada ya kutangazwa. Swali la pili linapolimeza la kwanza, uchaguzi umekwisha kuingia maradhi.

Maradhi hayo yana historia. Januari 1961 visiwa vilipiga kura kwa viti 22. ASP ikapata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP kwa tofauti ya kura moja tu. Wawakilishi wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa sawa kwa sawa, na hapakuwa na serikali ya kudumu. Uchaguzi ukarudiwa Juni 1961, na siku hiyo ikageuka ya mapanga na marungu: watu 68 walipoteza maisha. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikapata viti 13 dhidi ya 18 vya ZNP na ZPPP kwa pamoja. Walio wengi kwa kura wakawa wachache kwa viti. Uhuru ulitolewa Desemba 10, 1963. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Hatuyataji haya ili kuchokonoa vidonda. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba watu wa visiwa wamejua tangu zamani jinsi kura moja inavyoweza kuwa na uzito, na jinsi hesabu isiyoaminika inavyoweza kuuzidi uzito huo.

Oktoba 1995 Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Dk. Salmin Amour wa CCM kuwa mshindi kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tofauti ilikuwa kura 1,565. CUF iliyakataa matokeo hayo, na miaka ya uhasama ikafuata, kiasi cha Jumuiya ya Madola kuingia kati na kupatikana Muafaka wa Juni 1999. Muafaka huo haukutekelezwa ipasavyo. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, majimbo 16 yakarudia kura, na Januari 26 na 27, 2001 maandamano yalikabiliwa kwa risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao Pemba, na wengine wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, nchini Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imetoa wakimbizi.

Mji huu wa Songea unajua jinsi vifo vya namna hiyo vinavyokaa katika kumbukumbu. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Maji Maji, na hadi leo, baada ya zaidi ya miaka 100, tunawakumbuka kila mwaka kwa tarehe yao. Hatulinganishi utawala wa kikoloni na serikali ya wananchi. Tunasema tu kwamba marehemu hawasahauliki kwa amri. Anayemwambia Mpemba kuwa ya 2001 yamepita na asiyataje, hajui desturi za binadamu.

Sasa na tuutazame mwaka 2010, kwani humo ndimo lilimo somo kubwa. Novemba 5, 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar na kuanza kuzungumza. Mwaka huohuo uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa umesimama Pemba kwa mzozo wa vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, na watu walianza kuhofia kurudi kwa siku mbaya. Julai 31, 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba 31 ukafanyika uchaguzi mkuu. Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif akapata 49.1. Tofauti yao haikufika kura 4,000.

Msomaji atafakari hapo. Mwaka 1995 tofauti ya kura 1,565 iliwagawa watu kwa miaka mingi. Mwaka 2010 tofauti ya kura zisizofika 4,000, ndogo vilevile, ilipokewa kwa utulivu, na aliyeshindwa akampa mkono aliyeshinda. Watu walikuwa walewale, vyama vilevile, na mmoja wa wagombea alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kile ambacho mshindwa alitarajia kupoteza. Mwaka 1995 kushindwa kulikuwa kufukuzwa uwanjani: hakuna wizara, hakuna sauti, na katika baadhi ya mitaa hakuna hata ajira. Mwaka 2010 mshindwa alijua ataingia serikalini akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Basi si kweli kwamba Wazanzibari hawajui kushindwa. Hakuna mtu anayejua kushindwa pale ambapo kushindwa ni kupoteza kila kitu.

Hata hivyo kugawana serikali hakutoshi peke yake, na mwaka 2015 ulithibitisha. Wananchi walipiga kura Oktoba 25 kwa amani. Oktoba 28, hesabu ikiwa haijakamilika kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote. Uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016 ulisusiwa na CUF, na mshindi akapewa zaidi ya asilimia 91. Serikali ya umoja ikafa. Mwaka 2020 hofu ilirudi: Pemba palikuwa na ghasia usiku wa kuamkia kura ya mapema, na Oktoba 27 Maalim Seif, safari hii mgombea wa ACT-Wazalendo, alikamatwa alipokwenda kituoni. Kweli, Desemba ya mwaka huohuo aliingia tena serikalini kwa ajili ya umoja, na akafariki Februari 17, 2021 akiwa katika wadhifa huo. Lakini cheo kinachotolewa baada ya uchaguzi hakiwezi kurudi nyuma na kuutuliza mkesha wake. Mwananchi hutulia mambo mawili yakiwepo kwa pamoja: ajue kwamba mshindwa hatatupwa, na ajue kwamba kura yake itahesabiwa kama alivyoipiga. Likikosekana moja, lingine huchechemea.

Oktoba 2025 mambo hayo mawili yalikosekana Bara. Mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, Tundu Lissu, alikuwa rumande akikabiliwa na shtaka la uhaini. Chama chake cha CHADEMA hakikuwamo katika karatasi ya kura baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili. Na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limetunga sheria mpya, na Tume ikaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina lilikuwa jema. Ila imani haitokani na kibao cha mlangoni. Siku ya kura zilizuka ghasia, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Watu walikufa. Idadi yao imebishaniwa mno, na Novemba 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hata Desemba 9, sikukuu ya uhuru wetu, sherehe zilifutwa na mitaa ikawa mitupu. Hofu ya mkesha ilikuwa imepitiliza siku yake na kuwa hofu ya msimu.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na si busara kuipuuza. Watumishi wengi wa Serikali husema kwamba wasiwasi hupandwa na wachochezi. Kwamba mtu akitangaziwa usiku na mchana kuwa ataibiwa kura, ataamini ameibiwa hata kama hakuibiwa. Na kwamba mwenye dhamana ya usalama hawezi kungoja nyumba iungue ndipo atafute maji. Yamo maneno ya kweli hapo. Wapo wanasiasa ambao mtaji wao ni hasira za vijana, na wapo wanaotangaza ushindi kabla ya masanduku kufunguliwa. Lakini mbegu ya mchochezi haioti juu ya jiwe. Huota penye udongo, na udongo wenyewe ni siri: daftari lisiloonekana, wakala aliyezuiwa mlangoni, matokeo yanayokawia bila maelezo, simu zilizonyamaza. Mnong'ono hustawi pale habari zinapofungwa. Serikali inayotaka kumnyima mchochezi kazi yampasa iondoe siri, kwani askari mia hawawezi kuuzima mnong'ono mmoja ambao karatasi moja iliyobandikwa ukutani ingeuzima.

Sisi wa Ruvuma tunao majirani wawili ambao wametufundisha jambo hili kwa njia mbili tofauti. Ng'ambo ya mto, nchini Msumbiji, ambako wapigania uhuru wake walipata hifadhi katika ardhi yetu, uchaguzi ulifanyika Oktoba 9, 2024. Matokeo yalipingwa, siku chache baadaye wakili na kada mmoja wa upinzani wakauawa jijini Maputo, ghasia zikaendelea kwa miezi, na mashirika ya kiraia yakahesabu waliokufa zaidi ya 300. Maelfu wakakimbilia Malawi. Ni Machi 2025 tu ndipo Rais Daniel Chapo na mpinzani wake Venâncio Mondlane walipokaa meza moja. Mazungumzo yaliyowezekana baada ya makaburi yangewezekana kabla yake.

Ng'ambo ya ziwa, ukisimama Mbamba Bay na kutazama magharibi, iko Malawi. Uchaguzi wake wa Mei 2019 ulipatikana na fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Wananchi waliandamana kwa miezi, na jeshi mara nyingi lilisimama kuwalinda. Februari 3, 2020 Mahakama ya Katiba iliutengua uchaguzi huo. Juni 23 ukarudiwa, na Lazarus Chakwera akashinda. Septemba 2025 Chakwera naye alishindwa na Peter Mutharika, yuleyule aliyemwondoa, na akakubali hata kabla Tume haijamaliza kutangaza. Malawi si nchi tajiri kuliko yetu, wala haina jeshi kubwa kuliko letu. Ina kitu kimoja ambacho sisi hatuna: mlango wa mahakama ulio wazi kwa uchaguzi wa rais.

Kenya nayo ilijifunza kwa gharama kubwa. Baada ya matokeo ya Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Katiba mpya ikaja 2010. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ikatengua uchaguzi wa rais, na mwaka 2022 Tume ikaweka hadharani fomu za vituo zaidi ya 46,000 ili kila mwenye kutaka ajumlishe mwenyewe. Matokeo yalikuwa ya karibu mno. Yalipelekwa mahakamani, yakaamuliwa, na nchi ikaendelea na kazi.

Kwetu sisi, Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Ni ajabu kwamba hukumu iliyotolewa ndani ya nchi yetu imekuwa ngeni ndani ya nchi yetu. Mwenye malalamiko akifungiwa mahakama, amebakiwa na njia mbili tu: kunyamaza au barabara. Anayechukia maandamano na awe wa kwanza kuufungua mlango wa hakimu.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo, na twapendekeza yaanze sasa, maana kalenda ya Katiba yautaja mwaka 2030, na ghala hujengwa kabla ya mavuno. Kwanza, kizuizi cha Ibara ya 41(7) kiondolewe. Pili, matokeo ya kila kituo yabandikwe mlangoni mwa kituo, nakala wapewe mawakala wote, na fomu hizo zichapishwe kituo kwa kituo, Bara na Visiwani. Tatu, kura ya mapema ya Zanzibar, ambayo imeigawa siku moja kuwa mbili na kuzidisha shaka badala ya kuipunguza, iondolewe ili wote wapige siku moja. Nne, suala la kitambulisho na daftari la wapiga kura limalizwe mapema, na sheha asiwe mtu wa kuamua peke yake nani ni mkaazi na nani si mkaazi. Tano, mawasiliano yasizimwe. Na sita, askari wanaopelekwa visiwani wafundishwe kuwa wanakwenda kwa ndugu zao, na kila anayetumia silaha isivyo halali aulizwe kwa jina lake.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba tuna neno pia. Haki yenu haipungui kwa kumsalimu jirani wa chama kingine. Msikubali kuhamishwa barza. Msiwape vijana wenu maneno ya kuumiza yaliyotungwa kabla ya 1964 na watu ambao hawapo tena. Mliwahi kukaa mezani wenyewe mwaka 2009, bila mgeni wa kuwapatanisha, na mkaonyesha jambo ambalo Bara haijalifanya hadi leo. Kwa hilo ninyi ni walimu wetu, wala hamna sababu ya kuja mbele ya taifa kama watoto watukutu.

Na kwa viongozi: mwananchi anayenunua unga wa wiki mbili kabla ya kura hajawatukana. Amewapa taarifa. Amewaambia, kwa lugha ya mfuko wake, kwamba hana hakika kama dola itamlinda siku ya Alhamisi kama ilivyomlinda Jumanne. Taarifa hiyo ina thamani kuliko ripoti nyingi za ofisini, kwa kuwa haikuandikwa kumpendeza mkubwa. Pale ambapo duka la Darajani litakaa wazi hadi saa za kawaida katika usiku wa kuamkia kura, na kijana wa Mbinga mwenye sare akaingia humo kununua sigara na kurudishiwa chenji yake kwa salamu, ndipo tutakapojua kwamba kazi imefanyika. Hayo ndiyo maoni yetu.